Ukaguzi wa Midomo

Siku ya saba tangu mtoto aletwe nyumbani, mdomo wa bibi yake ulianza kuwasha. Uliwasha upande wa kushoto, palepale unapoanzia kila mara. Bibi alipitisha ulimi mara moja tu, akajua. Kufikia adhuhuri palikuwa pamevimba. Kufikia alasiri malengelenge matano yalikuwa yameketi pembeni mwa mdomo wake, yamebanana kama wajumbe wa kamati kwenye benchi moja.

Hakushtuka. Alikuwa akiyapata tangu usichana wake, mara mbili au tatu kwa mwaka, akichoka au akipigwa na jua au akiwa na jambo moyoni, na alishayapa jina: mpangaji. Mpangaji kwa sababu halipi kodi wala hahami. Dawa yake ilikuwa moja. Alichovya kijiko kwenye maji baridi, akakibana pale panapowaka, akashusha pumzi. Baada ya siku nane au tisa mpangaji angefunga mlango wake akalala, na maisha yangeendelea.

Safari hii hayakuendelea, kwa sababu nyumba ilikuwa ya mwanawe, na mwanawe alikuwa mwalimu wa nidhamu.

Ni vyema watu wa nyumba hii wakatambulishwa kwa heshima zao. Mwenye nyumba alifundisha katika shule ya bweni ya wavulana, na aliishi kwenye nyumba za walimu nyuma ya bwalo. Wanafunzi walimpa jina la Kengele, kwa kuwa akisikika kila mtu aliacha alichokuwa akikifanya. Alikuwa mtu safi, mnyoofu, mwenye masharubu yaliyokatwa kwa rula, na hakuwa na kasoro inayojulikana isipokuwa moja: majira ya mitihani alikuwa akijikata na wembe, sehemu ileile juu ya mdomo, akatembea na plasta siku kadhaa. Mkewe alikuwa mtunza maktaba wa shule hiyohiyo, sasa yuko likizo ya uzazi. Mama yake, bibi wa malengelenge, alifua nguo za hospitali miaka ishirini na sita, na hata alipostaafu watu waliendelea kumwita Dobi. Mtoto alikuwa bado hana kazi. Walimwita Mgeni Rasmi, kwa sababu kila kitu kilimsubiri, na yeye alifika amechelewa miaka tisa na kulala wakati wa hotuba.

*

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Dobi alikwenda amebana leso mdomoni, na muuguzi, aliyekuwa na foleni ya akina mama ishirini na kiti kimoja kibovu, hakupoteza muda.

"Mama, toa leso nione."

Dobi akatoa. Muuguzi akatazama, akaandika kitu, akasema bila kuinua sauti.

"Hivi ni virusi. Wengi wetu tunavyo. Vinalala mwilini, vinaamka vikitaka. Wewe vinakukera tu. Mtoto wa siku nane vinaweza kumlaza, vinaweza hata kumuua. Kwa hiyo hakuna kumbusu. Nawa mikono kwa sabuni, funika mdomo, usiguse kidonda, mbebe mjukuu wako."

"Kumbeba ruhusa?"

"Mbebe mpaka mikono ichoke. Kumbusu, hapana. Na mwambieni baba yake, na mashangazi, na kila mwenye mdomo. Si wewe peke yako."

"Nilimbusu utosini kabla hayajatoka," akasema Dobi. Alisema polepole, kama mtu anayetaja kosa polisi.

"Tutamwangalia. Akipata homa, akikataa kunyonya, akitokwa na kipele chochote, mleteni saa hiyohiyo. Anayefuata."

Mke wa Kengele alisikia kila neno, akayabeba mpaka nyumbani kama yalivyo, akampa mumewe. Kengele aliyapokea akiwa amesimama. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa woga, na huo woga ulikuwa wa kweli, hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini yeye hakujua njia nyingine ya kuogopa isipokuwa kuandika kanuni.

*

Jioni hiyo aliwakusanya sebuleni watu wa nyumba yake, ambao walikuwa wawili na mtoto, akasoma karatasi aliyoichapa ofisini. Kanuni zilikuwa tisa. Pale muuguzi aliposema kumbusu, karatasi ilisema kugusa. Pale aliposema kila mtu, karatasi ilisema mgonjwa. Mgonjwa angekuwa na kikombe chake, sahani yake, kijiko chake na beseni lake. Mgonjwa asingeingia chumba cha mtoto, bali angekaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, amtazame mtoto kupitia wavu. Vidonda vikikauka zingehesabiwa siku kumi na nne. Na kila anayeingia kwa mtoto, awe nani, angekaguliwa mdomo mlangoni kwa tochi.

"Nani atakagua?" akauliza Dobi.

"Mimi."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayekagua, mama."

Jibu hilo lingemtosha yeyote aliyewahi kulala bwenini. Dobi hakusoma bweni. Akamgeukia mkamwana wake.

"Mwanangu, hivyo ndivyo alivyosema muuguzi?"

Mke wa Kengele aliangalia mikono yake. Kazi ya maktaba ilikuwa imemzoesha kunyamaza, na isitoshe, kwa wiki nzima mama mkwe alikuwa amemfundisha namna ya kumshika mtoto, namna ya kukunja nepi, namna ya kukaa, namna ya kulala na namna ya kuamka. Ukimya wake ulikuwa na kisasi ndani yake, kidogo tu, kama chumvi.

"Alisema tuwe waangalifu, mama," akasema.

Kengele akaibandika karatasi ukutani, kisha akaleta kopo la rangi nyekundu iliyobaki walipopaka ndoo za moto za shule. Kikombe akakipiga mstari. Sahani, mstari. Beseni, mstari. Mpini wa kijiko akauchovya wote.

"Kwani mimi nitasahau kijiko changu?" Dobi akauliza.

"Si wewe, mama. Ni sisi tusije tukasahau."

*

Dobi alikuwa amekuja na mzigo mmoja wa maana: nepi kumi na mbili za pamba. Alizipinda mwenyewe kwa mkono, akazifua, akazipiga pasi zikanyooka kama karatasi za mtihani. Asubuhi iliyofuata alizikuta kwenye ndoo uani. Kengele alikuwa ameziloweka usiku kucha katika dawa ya madoa.

"Umeweka kiasi gani?"

"Chupa nzima. Kwa usalama."

"Kifuniko kimoja," akasema Dobi. "Wodi ya wenye vidonda, wodi ya wanaohara, wodi ya wazazi. Kifuniko kimoja kwa ndoo, robo saa, suuza mara tatu. Miaka ishirini na sita. Hakuna shuka iliyotoka mikononi mwangu ikampelekea mtu ugonjwa."

"Mama, ni utaratibu tu."

Dobi akainama, akatoa nepi ya kwanza. Ilikuwa imegeuka njano. Akaikamua, ikachanika katikati bila hata kutoa sauti. Akachukua ya pili. Alizikamua zote kumi na mbili, moja moja, mbele ya mwanawe, na zote zikachanika, na Kengele akatazama saa yake kwa kuwa zilibaki dakika sita kabla ya gwaride.

"Utachelewa," Dobi akamwambia. "Nenda kakague wengine."

*

Jumapili alikuja mke wa mtunza stoo, ana mche wa sabuni mkononi na hamu ya kuona mtoto. Kengele akamzuia mlangoni mwa chumba.

"Fungua tafadhali."

"Nifungue nini, mwalimu?"

"Mdomo."

Mama wa watu akasimama pale ukumbini, kichwa nyuma, huku mwalimu wa nidhamu akimmulika tochi mpaka magegoni. Aliruhusiwa. Alimtazama Mgeni Rasmi, akamsifu pua, akatoka nje kwa haraka ya mwenye habari, na huko nje akamkuta Dobi kwenye benchi, anakunywa chai kwenye kikombe chenye mstari.

"Shikamoo mama. Kwani una nini?"

"Marahaba. Nina mjukuu."

"Namaanisha hapo mdomoni."

"Nina mdomo pia," akasema Dobi, akageuza uso.

Kufikia saa nane mchana habari ilikuwa imeshafika bombani, ambapo nyumba zote za walimu huchota maji. Dobi alipokwenda na ndoo yake, wanawake walimsalimia vizuri sana, kwa sauti nyororo kupita kiasi. Kisha mmoja akavuta ndoo yake kando. Wa pili akavuta. Wa tatu, ambaye ndoo yake ilikuwa imeshajaa, akaimwaga, akaisuuza, akaanza upya.

"Ni ule ugonjwa?" mmoja akanong'ona.

"Ule upi?"

"Ule."

Haukutajwa, na kwa kuwa haukutajwa ukawa kila ugonjwa. Dobi alichota maji akarudi nayo kichwani, shingo imenyooka, na hakuna tone lililomwagika. Hilo peke yake lilimgharimu nguvu za siku nzima.

Wavulana nao walikuwa wakipita nyuma ya nyumba kwenda bwalo mara tatu kwa siku. Walimwona mama wa Kengele kwenye benchi na kikombe chake. Kabla wiki haijaisha shule ilikuwa na msamiati mpya: mtu akinyimwa nyongeza ya chakula, akifukuzwa kwenye meza, akikataliwa kuazimwa kalamu, alisema amepigwa mstari.

*

Siku ya tisa gaga la mwisho lilidondoka. Mdomo wa Dobi ukawa mdomo wa kawaida, wenye doa jekundu dogo ambalo lingefifia. Akamwonyesha mwanawe.

"Umekauka," akakiri Kengele, baada ya kuumulika. "Sasa tunaanza kuhesabu kumi na nne."

"Muuguzi hakutaja kumi na nne."

"Mimi nimeongeza."

Hivyo Dobi akabaki kwenye benchi, mzima wa afya. Aliongea na mjukuu wake kupitia wavu. Alimweleza mambo ya hospitali, shuka zilizopotea, daktari mmoja aliyesahau miwani mfukoni na miwani ikafuliwa. Siku ya kumi ya hesabu mkamwana wake alikuwa ndani akinyonyesha, akamsikia akisema:

"Baba yako nilikuwa nambusu mpaka anapiga chafya. Mdomoni, puani, kila mahali. Hakuna aliyenikataza. Wewe hata kidole sikugusi. Usije ukasema bibi alikuwa mchoyo."

Mke wa Kengele akasogeza kiti mpaka dirishani, mtoto akawa shibiri moja kutoka kwenye wavu.

"Mama," akasema, "muuguzi hakusema usimguse."

"Najua. Nilikuwepo."

"Mimi sikusema kitu siku ile."

"Hilo pia najua."

"Nilikuwa nimekukasirikia. Mambo ya nepi."

"Ulikuwa unazikunja vibaya," akasema Dobi. "Sasa kaseme."

"Kwake?"

"Kwa nani mwingine? Kwa mke wa mtunza stoo?"

Alisema, jioni hiyo. Alimweleza Kengele neno kwa neno, na Kengele, ambaye alikuwa na marundo matatu ya mitihani mezani na macho mekundu, akamjibu bila kuinua kichwa. "Tumesubiri miaka tisa. Unataka tujaribu bahati?" Swali la namna hiyo halina jibu, ndiyo maana watu hulipenda. Mkewe akarudi chumbani.

Dobi alisikia yote kutoka nje. Alingoja mwanawe atoke kumwaga maji.

"Jumamosi naondoka," akamwambia.

"Zimebaki siku nne tu, mama."

"Zihesabu mwenyewe. Nilikuja kumlea mjukuu wangu, sikuja kulinda dirisha. Sijambeba hata mara moja tangu kliniki. Nitafika nyumbani watu waniulize, mtoto mzito? Niwaambie nini? Niwaambie nilimpima kwa macho?"

*

Jumamosi alfajiri kijiko hakikuwepo.

Dobi alikuwa ameshafunga begi. Alitaka kunywa chai yake ya mwisho na kwenda zake, na kikombe kilikuwa mahali pake dirishani, sahani mahali pake, lakini kijiko chenye mpini mwekundu kilikuwa kimeondoka. Jambo hilo lilimshangaza kuliko lilivyomuudhi, maana kanuni ya pili ilikataza mtu mwingine yeyote kukigusa, na katika nyumba ile kanuni zilitiiwa kuliko watu.

Akaingia jikoni kutafuta kingine. Alifungua jokofu achukue maziwa. Nyuma ya maziwa, kwenye kona, palikuwa na bilauri ya maji na vipande vya barafu, na ndani ya bilauri kilisimama kijiko chake.

Hakukitoa mara moja. Alisimama pale, mlango wa jokofu wazi, ubaridi ukimpiga miguuni. Jana alimwona mkamwana wake karibu kabisa, mdomo msafi. Mtoto hana habari na vijiko. Kisha akakumbuka plasta. Tangu Jumanne mwanawe alikuwa na plasta juu ya mdomo, wembe tena, mitihani tena. Na nyuma ya plasta akamwona mvulana wa miaka sita, mdomo umevimba, analia, naye mwenyewe amempakata akimbana kijiko cha baridi na kumwambia kitapoa sasa hivi. Alidhani yale yalimwisha alipokwenda shule. Hakuyaona tena. Aliona plasta tu.

Mwanawe angeweza kuchukua kijiko chochote katika droo nzima. Akachukua hiki. Mgonjwa atatumia kijiko cha mgonjwa: hata katika kujificha, Kengele alikuwa ametii kanuni yake mwenyewe.

Dobi akabeba bilauri akaenda nayo ukumbini.

Kengele alikuwa ameshavaa, shati limenyooka, tochi mkononi. Alikuwa amemaliza kumkagua mkewe na kumruhusu aingie. Sasa alikuwa akielekea kuingia yeye, amsalimie mwanawe kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya gwaride.

"Mama, uko ndani," akasema. "Kanuni ya tatu."

"Nipe tochi."

"Mama."

"Nipe hiyo tochi, baba. Mikono yangu nimenawa."

Alitumia sauti ambayo Kengele hakuwa ameisikia kwa miaka thelathini, na mkono wa Kengele uliikumbuka kabla yeye mwenyewe hajaikumbuka. Tochi ikahamia kwa mama. Dobi akaiwasha, akaielekeza juu.

"Bandua plasta."

"Ni wembe tu."

"Wembe hautaki barafu," akasema Dobi, akainua bilauri. Kijiko kikagonga kioo.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mke wa Kengele alisimama pale na mtoto begani, akatazama bilauri, akatazama mpini mwekundu, akamtazama mumewe.

"Bandua," akasema. Alisema kwa sauti ya maktaba, ile ya chini ambayo wavulana wakubwa huiogopa.

Kengele akabandua. Chini ya plasta, upande wa kushoto, yalikuwepo. Sita. Moja lilikuwa limepasuka na kulowa.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Jumanne. Lakini nilikuwa na plasta."

"Umembusu?"

"Utosini. Kidogo tu, na plasta ikiwepo."

"Mara ngapi?"

Kengele alitazama tochi, kana kwamba jibu lingetoka huko. "Kila siku," akasema.

"Miaka yote hii wembe," akasema mkewe. Alikuwa amerudi nyuma hatua moja, mkono umefunika kichwa cha mtoto. "Nimekununulia wembe mpya, nikakununulia sabuni ya kunyolea, nikadhani una ngozi mbaya. Mama yako umempaka rangi. Umemtoa nje kama kuku. Watu bombani wanamwaga maji akipita. Nepi za mtoto umezichoma kwa dawa. Mke wa mtunza stoo umemmulika mpaka kooni. Na wakati wote huo mdomo unaojua una kitu ni wako, na unaingia humu kila asubuhi unambusu mwanangu."

"Nilikuwa naogopa."

"Sote tulikuwa tunaogopa. Mimi niliogopa nikanyamaza, na hilo ni la kwangu. Wewe uliogopa ukamkagua mama yako."

"Nikisema, nani atanisikiliza tena? Wale vijana..."

"Usiniletee vijana," akasema mkewe. "Mama, shika mtoto nivae. Tunakwenda kliniki."

Akanyoosha mikono, na mtoto akawa katikati yao, hewani kidogo. Dobi alisita. Alitazama mikono yake kama si yake. Kisha akaweka bilauri chini, akafunga leso mdomoni ingawa hakuwa na kidonda, akampokea mjukuu wake.

Alikuwa mzito kuliko alivyompima kwa macho.

*

Muuguzi alikuwa yuleyule, na kiti kilekile kibovu. Alimtazama Kengele, ambaye sasa alikuwa na barakoa.

"Si nilisema kila mwenye mdomo?"

Akaitwa daktari. Mtoto akavuliwa, akageuzwa, akamulikwa machoni na mdomoni, akapimwa joto, akachukuliwa vipimo, akalia kwa hasira kubwa ambayo kila aliyekuwepo aliiona ni ya haki. Homa haikuwepo. Ngozi ilikuwa safi. Alipopewa ziwa alinyonya kama mtu aliyetoka kutukanwa.

"Kwa sasa yuko sawa," akasema daktari. "Lakini kwa sasa si kesho. Mtamleta kila baada ya siku mbili, kwa wiki mbili. Dalili yoyote, msingoje siku hizo mbili." Akamgeukia Kengele. "Ulianza kupata haya lini?"

"Utotoni."

"Kutoka kwa nani?"

Kengele akatazama sakafu. Dobi, akiwa kwenye kona na begi lake la safari ambalo hakujua kwa nini alikuja nalo, akajibu badala yake.

"Mimi ndiye niliyempa. Nilimbusu, na hakuna aliyeniambia nisimbusu." Akamwelekezea mwanawe kidevu. "Yeye aliambiwa."

*

Waliporudi, mke wa Kengele hakwenda kulala. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akabandua ile karatasi, akasimama nayo sebuleni palepale mumewe aliposimama, akazisoma kanuni zote tisa. Alisoma vizuri, bila haraka, na kila alipofika kwenye neno mgonjwa aliinua macho akamtazama.

"Muuguzi amesema naweza kumbeba," akasema Kengele, "nikinawa na kufunika mdomo."

"Amesema. Hata mara ya kwanza alisema. Kanuni ya tatu inasemaje?"

Kengele alikuwa mtu mwovu kidogo na mtu mnyoofu sana, na unyoofu ukashinda. Akatoka nje, akakaa kwenye benchi. Mkewe akamletea chai kwenye kikombe chenye mstari, akakiweka mwisho wa benchi, akarudi ndani.

Homa haikuja, siku hiyo wala siku kumi na tatu zilizofuata, lakini siku hiyo hakuna aliyejua hilo. Siku hiyo walipima joto mara tisa. Dobi alinawa mikono mpaka viwikoni, akasuuza mara tatu, akakaa dirishani kwenye kiti cha mkamwana wake na mtoto mapajani, uso wake mbali na uso wa mtoto, mkono wake mmoja umefunika kifua kidogo kinachopanda na kushuka. Begi lilikuwa mlangoni, bado limefungwa. Hakuwa amesema anabaki. Hakuwa amesema amesamehe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kengele ya chakula ikalia. Wavulana mia nne wakatoka madarasani wakapita nyuma ya nyumba, njia yao ya kila siku, na wakamwona mwalimu wa nidhamu kwenye benchi la mama yake, na kikombe. Walipita mia nne wote bila kelele, bila kusukumana, kwa mstari mmoja ulionyooka, na katika miaka yote ya utumishi wake Kengele hakuwahi kupata mstari mzuri kama ule.

Walipokwisha kupita, akainuka polepole, akageuka, akaweka vidole kwenye wavu.

"Mama," akasema. "Anaendeleaje?"

Dobi alikuwa ameinamia kipimajoto, anajaribu kusoma namba. Hakuinua kichwa.

"Sogea," akasema. "Unatuzibia mwanga."